Chapati ya Saa Sita

Kwa miaka tisa Sureshi amefua mikeka ya yoga ya watu wengine, na hajawahi kukaa hata juu ya mmoja. Ni mikeka myembamba ya mpira, inanuka jasho la wageni. Kila asubuhi anaibeba kumi kumi hadi kwenye bomba nyuma ya ashram, makao ya watawa, anaisugua, anaianika ukutani. Mimi ni kinyozi, jina langu Ramdhari, na kibao changu cha kunyolea kipo hatua sita kutoka bomba hilo. Haya nimeyaona, sikuhadithiwa.

Mume wake yu hai, lakini alishafanyiwa maziko. Alikuwa karani wa posta, Balbir Negi, na tusimwonee: yoga aliipenda kweli. Alikuwa akiwacheka wale wanaodhani ni kujikunja viungo tu. Mwili ni kizingiti, alisema, nyumba yenyewe ni moyo uliotulia, usiong'ang'ania kitu wala kukikimbia kitu. Basi akaamua kuwa mtawa. Anayeingia utawa kwetu hujifanyia mazishi mwenyewe: anaiwekea roho yake matonge ya wali kama ya marehemu, ananyolewa, anaingia mto Ganga, anatoka na nguo ya rangi ya chungwa na jina jipya. Nilimnyoa mimi. Aliingia majini Balbir, akatoka Swami Nirmohananda, maana yake asiyefungwa na mapenzi.

Jioni ile ile mama mkwe alizivunja bangili za Sureshi kwa jiwe na kumfuta rangi nyekundu ya kichwani, alama za mwanamke mwenye mume. Akawa mjane, na marehemu wake yuko ng'ambo ya ukuta anafundisha watu kupumua. Ashram ilimpa kazi ya mikeka, sijui kwa huruma au kwa aibu.

Walikuwa na mtoto mmoja, Hema. Baba alipoondoka alikuwa na miaka minane, na kitu cha mwisho alichomfundisha kilikuwa pumzi: vuta ukihesabu nne, toa ukihesabu nane. Alipofika miaka kumi na saba kifua kikuu kilimlaza, na dawa zikashindwa moja baada ya nyingine. Daktari akamwambia mama yake amrudishe nyumbani. Msichana hakutaka kitu kingine duniani ila kumwona baba yake.

Siku ya mwezi mpevu, siku ya watawa kunyolewa, nilikuwa namnyoa Swami, Sureshi akaja na ndoo mkononi.

"Swamiji, Hema anakuulizia. Hana siku nyingi."

Kichwa kilitulia mikononi mwangu, hakikutikisika hata kidogo. "Mama," akasema, maana kwao kila mwanamke ni mama, "aliyekuwa baba wa Hema alishakufa. Mfundishe kuitazama pumzi yake. Hofu itaondoka."

"Hana hofu. Anakutaka wewe."

"Nyumba ile siwezi kuikanyaga. Ni kiapo."

Sureshi aliitua ndoo. "Sawa, Swamiji. Naomba mkeka wako, leo ni zamu yake kufuliwa."

Nilitamani kumkata Swami sikio. Wembe ulikuwa mkononi, Mungu anisamehe.

Jioni niliwapelekea maziwa, nikamkuta Hema ameegemezwa mito miwili. Mama yake alimweleza yote bila kuficha. Msichana akacheka, kikohozi kikamkatiza.

"Mama, kwani watawa hawapiti mchana mlango kwa mlango kuomba chakula?"

"Wanapita."

"Basi si aje kuomba! Asimame hapo nje, aseme sadaka, nimwone, aende zake. Hakuna anayekatazwa kuomba."

"Kesho nitamwambia."

"Usithubutu! Na wewe mjomba Ramdhari, funga huo mdomo wako wa kinyozi. Akiambiwa atakuwa ametumwa. Nataka alifikirie mwenyewe."

Tangu siku hiyo, kila saa sita mchana, Sureshi alitenga chapati moja ndani ya kitambaa kando ya mlango. Watawa walipita. "Mama, sadaka!" Kila sauti ilipoita Hema aliinua kichwa kwenye mto, akasikiliza, akakirudisha. Hao walipewa chapati nyingine. Ile ya kwenye kitambaa ililiwa na ng'ombe wa jirani jioni. Siku thelathini na moja. Kabla hazijaisha mwezi ulipevuka tena, nikakishika tena kichwa kile, nikanyamaza kwa sababu Hema alinikataza. Najuta mpaka leo.

Siku ya thelathini na mbili nilifika na dawa ya kikohozi, chapati bado ya moto. Sureshi alikuwa amekaa nyuma ya mwanawe, kifua chake mgongoni kwa mtoto, wanapumua pamoja. Hema alihesabu kwa vidole juu ya goti la mama yake. Vuta, nne. Toa, sita. Vuta, tatu. Toa, nne. Kisha vidole vikatulia, na Sureshi akavuta pumzi iliyofuata peke yake. Miaka yote nimewanyoa mabingwa wa yoga. Sijaona mtu aliyekaa vile.

Kwenye kuchoma maiti kuhani alimzuia Sureshi. "Mwanamke haji huku. Moto huwashwa na baba."

"Kamwite basi," Sureshi akasema. Kuhani akampisha. Moto aliuwasha Sureshi.

Siku chache baadaye nilimnyoa Guruji, mzee aliyempa Swami utawa wake, nikamwaga yote. Akaagiza Swami aitwe.

"Nani alikukataza kwenda?"

"Kiapo, Guruji."

"Kiapo kilikukataza kusema 'wangu'. Hakikukukataza mlango. Mimi nilisimama na bakuli mlangoni kwa mama yangu mzazi, akanipa, nikaondoka. Wewe ulimwogopa mtoto, ukauita woga wako yoga."

Swami alikaa chini palepale, kwenye nywele za watu.

Siku ya kumi na tatu, siku ya kufunga matanga, nilikuwa kwa Sureshi nasaidia kugawa wali na dengu. Saa sita sauti ikaita nje, nyembamba, haijazoea kuomba.

"Mama, sadaka."

Sureshi alifunua kitambaa. Hata Hema alipokwisha kufa hakuacha kuitenga ile chapati. Akaiweka kwenye bakuli kwa mikono miwili, kama anavyopewa mtawa yeyote.

"Sureshi," akasema yule mtu. Miaka tisa hakuwa amelitaja jina hilo. Machozi yalimtiririka mpaka kidevuni. "Aliniachia neno gani?"

"Swamiji, watawa huomba chakula. Hawaombi maneno." Sauti yake haikuwa na hasira, ningefurahi kama ingekuwa nayo. "Nyumba inayofuata ni ile yenye mlango wa bluu. Wahi, hawajamaliza kula."

Akafunga mlango. Nikazisikia hatua za Swami zikielekea mlango wa bluu.

Kesho yake mikeka ilikuwa arobaini. Sureshi aliisugua yote, na wa Swami pia.