Winda la merikani mpya

Leo mtoto wa siku saba amemwaibisha baba yake mbele ya wageni, nami nimefurahi.

Baba mwenyewe ni mdogo wangu, muuza vitambaa hapa Kindu. Aliapa kwamba mwanawe hatavaa kitu kilichokwisha kuvaliwa. Akamfunga winda la merikani lililokatwa kutoka jora jipya, bado lina wanga, gumu kama gome la mti.

Wifi yangu alikuwa amechana kaniki yake kuukuu, laini kwa miaka ya kufuliwa mtoni. Mume wake akayatupa mawinda hayo aliyoyachana.

"Dada, ile njo nguo ya masikini," akaniambia. Mimi, niliyelea watoto sita!

Wageni wakaja. Mdogo wangu akampakata mtoto yeye mwenyewe, ili kitambaa kionekane.

Mtoto akakojoa.

Merikani haikunywa hata tone. Mkojo wote ukateleza ukaishia kwenye kanzu nyeupe ya baba yake.

Jirani yetu akauliza, "Bwana, hii nguo unauzaga ya kukinga mvua?"

Wakacheka sana. Mimi nilikuwa nafungua winda, mtoto analia. Pindo lilikuwa limemchubua mtoto mapajani mpaka nyama ikaonekana.

"Tazama! Mutoto iko na uchungu, na wewe unatafuta sifa," nikamwambia mdogo wangu.

Alivua kilemba chake cha zamani, akakipasua vipande vinne, akanipa.

Niandikieni, mnaomhurumia baba huyu. Mimi nasema bado ni mpumbavu. Ila mtoto amenyamaza.