Filimbi ya Nyumba ya Mbegu

Siku ninayoikumbuka kuliko nyingine zote za ujana wangu, mwanangu, ni ile niliyosikia nyumba ikipumua. Usicheke. Juzi nilipanda basi kutoka Mvumi mpaka hapa kwako Mkonze, na magoti yangu haya mabovu, kwa ajili ya huyo Amosi uliyembeba mgongoni, na siondoki mpaka lile jiko la mkaa litoke kwenye korido. Kaa. Chai ikipoa, iache ipoe.

Nilikuwa mke mgeni, nina miezi michache tu nyumbani kwa kina baba yako. Wewe hukuikuta ile nyumba ya tembe. Ilikuwa ndefu, ya miti na udongo, paa lake bapa limekandikwa udongo pia, haina dirisha hata moja, na mlango ni wa kuinamia. Mchana kweupe ukiingia unasimama kwanza mpaka macho yazoee giza. Ndani kabisa kulikuwa na mafiga, na juu ya mafiga, kwenye boriti, yalitundikwa masuke ya mtama na uwele, mbegu za msimu ujao. Moto wa pale haukuzimwa. Moshi ndio uliokuwa mlinzi, ulifukuza dumuzi kwenye mbegu na mchwa kwenye miti ya paa. Kwa hiyo mbegu zikishatundikwa, lile tundu dogo la moshi kule juu lilizibwa kwa kigae na udongo, moshi usitoroke. Nyumba yenye moshi mzito ilisifiwa kijijini, watu wakasema wenye nyumba hiyo hawatalala njaa.

Basi asubuhi moja wanaume wako malishoni, mama mkwe wangu amekaa kwenye kigoda chake kando ya moto, macho kayafumba, na mimi nimepiga magoti nasaga mtama. Nikasikia sauti. Nyembamba, ndefu, kama mtu anapuliza filimbi yuko mbali, inakatika, halafu inaanza tena. Nikaacha kusaga. Ilikuwa inatoka ukutani, au darini, au chini ya jiwe langu la kusagia, sikuweza kusema. Mbuzi waliokuwa chumba cha pili walikuwa wamesimamisha masikio. Nikatoka nje na unga mikononi, jua linawaka, na nje hakukuwa na mtu.

Nikamuuliza wifi yangu tulipokwenda kuchota maji. Akatabasamu. "Umemsikia babu," akasema. "Mwenye nyumba. Alikufa zamani, ila halali, analinda mbegu zake. Mke mgeni akimsikia mapema, ujue amekubalika."

Nikafurahi, mwanangu, nikaogopa pia. Kuanzia hapo kila asubuhi nilimwekea babu kibakuli cha togwa chini ya ukuta, pale sauti ilipokuwa inasikika zaidi. Nikirudi kutoka kisimani nakuta kibakuli kitupu, kimefutwa. Nilianza kutembea mle ndani taratibu kama mtu aliye msibani, na nikiisikia filimbi nainamisha kichwa.

Mama mkwe alinivumilia, halafu siku moja uvumilivu ukamwishia. Alikuwa mama mkali, maneno yake machache. "Wewe," akaniambia, "unamlisha nani ukutani?"

"Babu, mama."

"Togwa yako nimekuwa nikiinywa mimi. Tamu, ila unazidisha maji. Na hiyo filimbi ni yangu mimi. Njoo hapa."

Akanishika kichwa kwa mikono miwili, akalaza sikio langu kifuani kwake. Mle ndani nilisikia vitu vidogo vingi vinalia kwa zamu, kimoja kikinyamaza kingine kinapokea, na nyuma yao moyo unakwenda mbio kana kwamba ametoka kupanda mlima, na yeye alikuwa ameketi tangu alfajiri. Nilitaka kutoa kichwa, akanibana. Alikuwa amefunga mdomo na bado filimbi ilikuwa inapita puani.

"Kabla yangu ilikuwa ya mama mkwe wangu," akasema. "Na mimi nilipoletwa hapa niliambiwa ni babu. Nikaamini. Yule mama akafa, nyumba ikanyamaza miaka. Siku moja nikaisikia tena, nikapika pombe kumkaribisha babu. Kumbe ni mimi. Nikienda shambani kuamia ndege, nikalala kule kwenye kichanja, inapungua. Nikirudi humu, inanikuta mlangoni."

Nikamuuliza kwa nini basi hatulitoboi lile tundu. Alitazama juu kwenye masuke yale meusi kwa masizi. "Njaa niliiona ikiwachukua watoto wangu," akasema. "Moshi sijauona ukimshika mtu mkono." Halafu akaniambia neno ambalo ndilo limenifanya nikukalishe hapa leo. "Ukisikia filimbi ndani ya nyumba, usikimbilie kutaja marehemu. Bana pumzi yako kwanza. Ikinyamaza, ni yako. Ikiendelea, mtafute mwenye nayo, mapema."

Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nilidhani wanasema habari za chawa.

Miaka michache baadaye miguu ya mama mkwe ilianza kuvimba. Ukibonyeza kwa kidole panabaki shimo. Hakuweza tena kulala chali, alilala ameketi, midomo imekuwa na rangi ya masizi. Majirani wakasema babu amekasirika, amemkalia kifuani, na mbuzi akachinjwa. Hakukuwa na nafuu. Tukampakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe mpaka hospitali. Daktari akauliza, huyu mama anavuta sigara? Nikamwambia hajawahi hata kuishika. Akauliza, anapikia wapi? Hapo nikakosa la kusema.

Nikamwuliza, kifua ndicho kinachopiga filimbi, sasa miguu inavimbia nini? Alikuwa mtu wa subira. Alinieleza kwamba moshi ukiingia kifuani miaka na miaka, njia za hewa zinakuwa nyembamba na mapafu yanakakamaa. Moyo nao lazima upitishe damu humo humo, kwa hiyo unasukuma kwa nguvu, haupumziki, kama anayepampu maji kwenye bomba lililoziba. Mwisho unachoka, unatanuka, na maji yanajikusanya miguuni. Akasema tungemleta mapema angemsaidia zaidi. Alitupa dawa, akatukataza moshi, tukamrudisha nyumbani, na wapi pa kumweka zaidi ya pale pale kwenye kigoda chake? Alifia hapo, mchana, ameegemea ukuta. Nilimpenda yule mama, na mpaka leo nasikia uchungu.

Sasa sikiliza hili. Siku za matanga mvua ilinyesha, wanawake tukajazana ndani na moto ukaongezwa kuni. Watu wamechoka kulia, kimya kimeingia. Filimbi ikaanza. Nyembamba, ndefu, inakatika, inaanza tena. Wote waligeuka kutazama kile kigoda kitupu. Wifi yangu akajifunika kanga usoni akasema, "Amerudi." Mtu mmoja akaanza kusali. Na mimi nikakumbuka nilivyoambiwa, nikabana pumzi.

Filimbi ikakoma.

Nikaachia, ikaanza. Nikabana tena, ikakoma. Nilikuwa bado msichana, mwanangu, baba yako mwenyewe alikuwa hajaota ndevu za maana, na nyumba ile ilikuwa tayari imeshaniwekea sauti yake. Sikumwambia mtu. Niliwaacha wasali.

Matanga yalipokwisha niliyabeba mafiga, moja moja, yakiwa bado ya moto, nimeyazungushia matambara, nikayapanga nje chini ya kibanda cha nyasi kisicho na kuta. Baba mkwe alisimama mlangoni. "Mafiga ya nyumba hii hayahamishwi," akasema. "Mbegu zitaliwa."

"Mbegu zikae na moshi wake, baba," nikamjibu, nimepiga magoti kwa adabu zote. "Nitaingia kuziwashia moto, kisha nitatoka nifunge mlango. Ila mtu hakai humo." Hakunisemesha mpaka mavuno. Mbegu ziliota zote, na wala hakuniomba radhi, wazee wa siku zile hawakuwa na mtindo huo. Filimbi yangu ilipungua ila haikuondoka yote, ndiyo hiyo unayoisikia nikipanda ngazi. Wewe ulizaliwa jiko likiwa nje. Una kifua safi na hujui kwa nini, unadhani ni maziwa.

Na sasa tazama nyumba yako. Nzuri, sikatai. Bati la rangi, marumaru, madirisha ya vioo. Lakini umeyafunga yote kwa sababu ya upepo na vumbi la barabara, na pazia zito juu yake. Jiko la mkaa liko koridoni, ati maharage ya gesi hayana ladha. Asubuhi za baridi unaliingiza hadi chumbani ukimwogesha mtoto, asipate homa. Jirani yako nyuma ya ukuta anachoma chupa za plastiki na nepi, ile harufu inapenya hapa na haina pa kutokea. Nilipokwambia juzi ulinijibu kisomi kweli: "Mama, mkaa hauna moshi." Hauna moshi wa kuonekana, mwanangu. Babu naye hakuonekana.

Watu husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni kweli, lakini upo ufa mwingine, ukiuziba unachimba kaburi.

Nilikuwa sijakwambia habari ya jana. Ulipokwenda sokoni mchana, nilibaki hapa sebuleni, madirisha yamefungwa, maharage yanatokota kule koridoni, Amosi amelala kwenye kochi chini ya kitenge. Nikasinzia. Nikaisikia. Nyembamba, ndefu, inakatika, inaanza tena. Mungu anisamehe, kitu cha kwanza nilichofikiri ni kwamba mama mkwe amenifuata mpaka Mkonze. Niligeuka kabisa kutafuta kile kigoda. Kisha nikasema moyoni, wewe mzee mjinga, ni kifua chako mwenyewe.

Nikabana pumzi. Nikabana mpaka machozi yakanitoka.

Filimbi ikaendelea.

Niliufuata ule mlio nikiwa nimeinama, nikipapasa kama kipofu, mpaka kwenye kochi. Nikafunua kitenge.

Usilie kwanza, inuka. Mtoto bado ni mbichi, kifua chake kinaweza kupona, ndiyo maana mama mkwe aliniambia nimtafute mwenye filimbi mapema. Leo hii tunampeleka hospitali, na ukiulizwa unapikia wapi, usikose la kusema kama mimi nilivyokosa. Jiko litoke nje sasa hivi, nitalibeba mwenyewe kama nilivyobeba mafiga. Chumbani lisiingie tena, hata kuwe na baridi ya namna gani, mtoto huvishwa sweta. Madirisha yafunguliwe alfajiri kabla magari hayajatimua vumbi, na ukipika yawe wazi. Maharage yachemke kwa gesi, ladha utaizoea. Kwa jirani nitakwenda mimi, mzee mwenye mvi haambiwi anaingilia mambo. Na yeyote utakayemsimulia haya, mwenye mama anayechoka kwa hatua chache, mwenye bibi anayelala ameketi, asitafute mchawi. Atazame jiko liko wapi.

Haya, lete mkono wako niushike. Mungu wa baba yako akulinde wewe na huyu mtoto, akupe siku nyingi kuliko zangu, nyumba yako isikose mbegu wala wa kuzipanda. Na siku utakapokuwa kikongwe, uketi peke yako mchana, milango yote wazi, ubane pumzi, uiachie, usikilize, na usisikie kitu.