Mpira wa chukudu kwenye gari ya harusi

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza. Nilianza maisha nikisukuma chukudu, ile baisikeli yetu ya mbao isiyo na pedali, nikitelemsha kabichi kutoka mashamba ya Kibumba mpaka mtaa wa Birere, hapa mjini. Masomo niliyaacha mwaka wa tatu primeri. Leo nina nyumba mbili za ghorofa, malori matatu, na gari ya spoti ya Kiitaliano, nyekundu, ya viti viwili, inayonizidi umri. Mjini hapa hakuna nyingine.

Gari hiyo ilipoanza kukohoa, nilimpelekea muzee mmoja wa Birere, fundi wangu wa miaka yote. Alifungua boneti, akapitisha kidole chini ya kabureta. Kabureta zake mbili, zile zinazochanganya petroli na hewa, hazikai chuma kwa chuma. Zimekalia viti vya mpira, ili zisitikisike. Viti vile vilikuwa vimepasuka, injini inavuta hewa pembeni. Akasema vipya viko Kampala, basi itavileta baada ya wiki mbili. Lakini mutoto wangu wa kike alikuwa anaolewa Jumamosi ile, na mtaa mzima nilishautangazia kwamba nitampeleka kanisani mwenyewe, ndani ya gari ile.

“Ngojea, papa,” muzee aliniambia. “Umupeleke na ingine.”

Ningojee, mimi? Ijumaa nilijifungia na gari uani, kwenye parsele yangu. Nikachukua tairi kuukuu ya lori, nikaikata vile tulivyokuwa tunakata mpira wa kuvika magurudumu ya chukudu: kisu unakilowesha maji ya sabuni, unavuta mara moja tu. Nikatoboa matundu, nikauweka chini ya kabureta mahali pa viti vilivyopasuka, nikakaza boloti. Injini ikaimba. Nikajisifu peke yangu mpaka nikachoka.

Jumamosi iliimba hivyo hivyo mpaka tulipoanza kupanda kilima cha kanisa. Mpira wa tairi unabeba magunia, lakini esanse, petroli yenyewe, hauiwezi. Ulilegea. Injini ikanguruma yenyewe, halafu ikazima. Msafara wote ukasimama nyuma yetu, honi zikanyamaza. Motari mmoja, wa pikipiki ya kubeba watu, akaniuliza kama gari inangojea chai. Mutoto wangu akashuka, akapanda kwa miguu, nguo nyeupe ikizoa vumbi jeusi la volkano.

Na mimi, mbele ya madereva wote wa msafara, wengi wao wa teksi, nikasema: “Ni yule muzee wa Birere. Ameniharibia gari.”

Ningependa kuandika kwamba sijui neno lile lilitoka wapi. Ninajua. Wakwe walikuwa wananiangalia.

Viti vya mpira vilipofika kutoka Kampala, nilirudi kwa muzee. Uwanja wake uliokuwa unajaa teksi ulikuwa na moja tu, haina magurudumu. Alinisalimia kama siku zote, akauliza habari za bibi-arusi. Kisha akafungua boloti, akautoa ule mpira, umevimba kama mkate uliolowa chai. Akaugeuza, akapitisha dole gumba kwenye ukingo.

“Huyu alikata na maji ya sabuni,” akasema. “Mukono moja, bila kusimama. Kazi muzuri. Ya mutu wa chukudu.”

Masikio yaliniwaka. Hakugombana. Alisafisha pale mpira ulipokuwa umekaa, akaweka viti vipya, akakaza boloti kidogo-kidogo, huku na huku, kabureta zisikae upande. Halafu, bila kuniangalia, akasema: “Ulisema mbele ya madereva, papa. Wende useme palepale.”

Nilienda. Nilisimama kwenye maegesho ya teksi na suti yangu, nikasema mpira ulikuwa wangu, mukono ulikuwa wangu, muzee hakugusa kitu. Walicheka. Mmoja akaniita injinia wa kabichi. Wawili wakasema watarudi kwake. Wengine walishazoea fundi mwingine, hawakuniahidi lolote. Hadi leo uwanja ule haujajaa tena, na nikipita pale ninaangalia upande wa pili.

Nilimpelekea bahasha nene. Aliisukuma nyuma bila kuifungua. Nikamwomba aniongezee bei, mimi ambaye maisha yangu yote nimeomba kupunguziwa. Akakataa, akaniandikia karatasi ya hesabu: viti, nauli ya basi, na kazi ya mikono, kama siku zote. Juu ya jina lake, lile nililoliharibu, hakuandika hata kitu. Jumla ilikuwa dola themanini na tano na faranga elfu tano.