Mwamvuli wa Koplo Masanja

Siku yangu ya kwanza kazini nilidhani nimepelekwa kwa mafundi cherehani. Meza ndefu, vitambaa, kamba kila mahali. Nilikuwa askari mpya, binti wa Shinyanga, kumbe nimepangiwa kufunga miamvuli ya kurukia kutoka kwenye ndege. Unanyoosha kitambaa, unapanga kamba zisivukane, unakunja na kuingiza mkobani. Kamba zikivurugika, mtu anashuka kama jiwe.

Mkuu wa Mafunzo, mzee asiyeishiwa hadithi, alitufundisha vita kuu ya Ulaya. Alisimulia divisheni ya askari wa miamvuli iliyorushwa gizani ikatawanyika, wengine wakazama mabwawani na mizigo yao. Waliobaki waliungana, wakapigania madaraja, wakazingirwa msituni kwenye theluji na wakakataa kusalimu amri. Sisi Wasukuma tulishangaa theluji tu.

"Mnawasifu walioruka," alisema. "Mimi nauliza, nani aliwafungia?"

Nilimpenda mzee yule kuanzia siku hiyo.

Sajini Meja wa chumba chetu naye alikuwa na sheria yake: mwenye kinyongo hagusi kamba. Asubuhi moja nilikuwa nacho. Mchumba wangu, Koplo Masanja, aliniahidi kuacha kuruka, kisha akajitolea kuruka kwenye maonyesho ya Ibadakuli, kwetu Shinyanga, mbele ya ndugu na majirani.

"Minza, toka mezani," Sajini Meja akasema. "Nenda ukapatane kwanza."

"Afande, sina neno na mtu."

"Kamba unaivuta kama unaadhibu mbuzi. Nenda!"

Nilimkuta Masanja anang'arisha buti. Nikamwambia sitaki aruke.

"Najua," akajibu. "Usijisumbue, nitavaa mwamvuli wa mfungaji mwingine."

Hapo ndipo nilipoumia. Mwingine nani, na ameamkaje huyo?

"Thubutu!" nikasema. "Nitakufungia mimi."

Akacheka. Nami nikacheka huku machozi yananitoka, nikarudi mezani.

Ibadakuli nilisimama na mama yangu, roho juu juu. Masanja akaruka, mwamvuli ukafunguka. Mama akapiga vigelegele akimwita kwa Kisukuma, "Ng'wanawane!" yaani mwanangu. Mimi nikakaa vumbini.

Tulioana, naye akaendelea kuruka. Sasa tumestaafu, tunaishi Kalangalala, na Masanja analalamikia magoti kutwa. Vijana huniuliza ujasiri ni nini. Sijui. Ninachojua, miaka yote ile sikutaka aruke hata siku moja, na sikumwachia mtu mwingine amfungie.