Saa Iliyotufuturisha Mchana

Nilipotaka kuoa, tatizo halikuwa sura yangu, ingawa hata hiyo haikusaidia sana. Tatizo ni kwamba hakuna mtu Tabora aliyeweza kueleza nafanya kazi gani. Nilikuwa nimepanga chumba Ipuli, naandika programu za vifaa vidogo visivyo na kioo wala kibodi: pampu, mizani, mita za maji. Majirani walichojua ni kwamba asubuhi sitoki kama watu wengine.

Mshenga wangu alikuwa baba mdogo. Nilimtuma kwa baba wa msichana niliyempenda, mzee anayeuza vipuri vya baiskeli sokoni na ambaye pia ni mwenyekiti wa kamati ya msikiti wa mtaani kwao. Safari ya kwanza baba mdogo alisema mimi ni fundi wa kompyuta, na mzee akampa simu yenye kioo kilichopasuka aniletee. Safari ya pili akaamua kunipamba. Akasema mababu zangu walihamisha pembe za ndovu mabegani kutoka hapa hadi pwani, na mimi mjukuu wao nahamisha mifumo ya kompyuta. Mzee akauliza kama mimi nalipwa au nabeba tu.

Baba mdogo akacheka peke yake. Ndipo mzee akatoa sharti. Saa kubwa ya msikiti, ile ya taa nyekundu inayoonyesha nyakati za swala na kulia wakati ukiingia, ilikuwa imeungua siku umeme uliporudi kwa hasira. Niitengeneze kabla ya Ramadhani. Ikifanya kazi, tutazungumza. Isipofanya, baba mdogo asijisumbue kuvaa kanzu tena.

Nilifurahi kama mjinga. Taa zilikuwa nzima, kilichokufa ni bodi ya nyuma. Niliagiza nyingine Dar, nikaambiwa zile za zamani hazitengenezwi tena, zipo za prosesa mpya, bei poa, na ni ileile tu, bosi. Haikuwa ileile. Prosesa mpya, yaani ubongo wa bodi, hakujua amri hata moja ya yule wa zamani.

Kwa faida ya wasiojua, yaani ukoo wangu wote: kiini cha mfumo endeshi ndicho kinachoamua, ndani ya kifaa, nani ashike prosesa, kwa muda gani, na nani asubiri zamu. Bila hicho, kazi ya kuhesabu saa, ya kuwasha taa na ya kupiga kengele zingegombana. Kiini nilichozoea ni kidogo, cha bure, na sehemu yake kubwa huhama bila maneno. Shida iko chini kabisa, kwenye mistari iliyoandikwa kwa amri za prosesa mwenyewe: jinsi ya kuamka umeme ukiwaka, jinsi ya kuiweka kazi moja kando na kushika nyingine bila kusahau ya kwanza iliishia wapi, jinsi ya kuitika anapokatizwa. Hiyo huandikwa upya, na prosesa hana adabu ya kukwambia umekosea wapi. Hunyamaza tu.

Alininyamazia wiki nzima, kisha nyingine. Mwongozo wake ulitafsiriwa kutoka Kichina na mtu ambaye nadhani aliwachukia wasomaji wa pande zote mbili. Niliandika, nikafuta, nikamtukana kwa Kinyamwezi, lugha ambayo nimeijua kwa matusi zaidi kuliko kwa salamu. Msichana alikuwa akipiga simu kuuliza saa imefikia wapi, namjibu kwamba bado iko kwenye sijida. Hatimaye, siku ambayo hata kuoga sikuoga, waya niliouunganisha na kompyuta yangu ukaleta herufi moja niliyokuwa nimeiagiza: A. Nilitoka nje mbio nikampa shikamoo kijana wa bodaboda ambaye ni mdogo kwangu. Akaitika marahaba bila aibu.

Baada ya herufi ile mengine yalifuatana. Mwezi ulipoandama, saa ilikuwa ukutani, taa zimenyooka, mzee ameitazama na kuitikia kwa kichwa mara moja. Siku za kwanza za mfungo zilikuwa za mvua na baridi, na saa ikaenda sawa na simu za waumini wote. Baba mdogo akafua kanzu.

Kisha mvua ikakatika. Jua likawaka juu ya bati la msikiti tangu asubuhi. Jioni tukakaa kwenye mikeka, tende mkononi, uji umemiminwa. Saa ikalia, muadhini akashika kipaza sauti, tukafuturu. Nilikuwa kwenye tende ya pili pale dereva wa bajaji aliposimama mlangoni, amekunja uso, akisema kwamba huko barabarani jua linamchoma macho na sisi tunakula. Watu wakatoka kuchungulia. Lilikuwa pale, limekaa juu ya mapaa, wala halina haraka.

Imamu akasema siku ile imeharibika, italipwa baada ya Idi, na kwa sasa kila mtu aache kula mpaka jua lizame kweli. Kwa hiyo tulikaa, msikiti mzima, vikombe vya uji mikononi, tukivitazama vikipoa. Mzee alikuwa amebaki na tende shavuni, akaitoa polepole na kuiweka kwenye sahani.

Sababu niliipata kesho yake. Prosesa yule ana mapigo yake ya ndani ya kuhesabia muda, na yakipata joto huenda mbio. Pembeni yake kwenye bodi ipo kristali ya kuhesabia muda, isiyoyumba kwa joto, ila lazima kiini kiambiwe kiifuate. Sikukiambia. Chumbani kwangu, msimu wa mvua, mapigo ya ndani yalikuwa mazuri, na mimi nilikuwa na haraka ya kuoa.

Baba mdogo alisema kanzu imeshafuliwa, ataivaa kwenye msiba wangu. Msichana aliniambia kuna mwingine ameleta posa, ana duka la simu, na mzee ameanza kumsifu. "Rekebisha," alisema, "mimi simtaki huyo." Niliogopa kumkosa kuliko nilivyowahi kuogopa kitu chochote, na hilo sioni sababu ya kulipamba.

Nilibadilisha mistari michache, nikapanda na bodi juu ya bati la nyumba nikaiacha iungue na jua kutwa. Mama mwenye nyumba akauliza kama naanika dagaa. Haikuyumba. Niliirudisha msikitini, lakini muadhini alikuwa ameamrishwa kufuata adhana ya msikiti wa jirani, na mpaka Idi saa yangu ikawa pambo.

Baada ya Idi mzee akaniita nyumbani kwake. Alikuwa amefunga kuilipa ile siku, nami niliambiwa nifunge pia. Jioni tukakaa barazani, yeye, wanawe wa kiume, na mimi, msichana akileta sahani bila kuniangalia. Mzee akanieleza kwamba leo muadhini ameruhusiwa kufuata saa.

Adhana ikasikika. Tende ilikuwa mkononi mwangu na wote wakanitazama mimi. Kila mstari ndani ya saa ile niliuandika kwa mkono wangu. Nikainuka, nikasema nakwenda kunawa, nikazunguka nyuma ya nyumba na kutazama magharibi. Jua lilikuwa limezama.

Niliporudi mzee alikuwa anamalizia kikombe cha uji.

"Ulikwenda kuangalia jua," alisema.

"Ndiyo, mzee."

"Mimi nimekula kwa saa yako." Akanisogezea sahani. "Kaa ule. Na baba yako mdogo mwambie aje Ijumaa."

Nilikaa. Nikaitia tende mdomoni, na msichana ndiye aliyeniletea maji.