Nilipokalishwa Juu ya Farasi

Juzi nilipita kwa fundi viatu mjini Karatu, nikamkuta anapaka mafuta mkanda wa ngozi. Ile harufu ikanisimamisha. Msinicheke nikiwaambia nilisimama hadi fundi akaniuliza nimepoteza nini. Sikuwa nimepoteza kitu. Nilikuwa nimerudi Oldeani, utotoni, juu ya farasi mwenye hatamu zilizonukia hivyo hivyo.

Nilizaliwa na mtindio wa ubongo. Miguu yangu ilikakamaa, ikapishana kama mkasi, na ukinikalisha mkekani bila mto nilianguka ubavu. Mama, aliyetoka Singida kuja kuchuma kahawa, alinibeba mgongoni hadi miguu yangu ikawa inampiga magotini. Dunia niliyoijua ilikuwa kisogo chake.

Muuguzi wa zahanati ndiye aliyemwambia kuna shamba jirani ambako watoto kama mimi wanapandishwa farasi ili viungo vilegee.

“Mtoto asiyekaa kwenye kigoda, akakae juu ya farasi?” mama akauliza. Lakini Jumamosi tukaenda.

Farasi alikuwa jike mweupe, anaitwa Subira. Sikuwahi kuona kitu kikubwa vile kikiwa kimya vile. Safari, Mwiraqw aliyemtunza, alinipandisha, akanishika kiuno upande mmoja, mama upande wa pili, na mkewe Safari akaongoza kwa kamba.

“Mama Zai, usimbane,” Safari akamwambia. “Mwache farasi amfundishe.”

“Akianguka je?”

“Si tupo?”

Subira akaanza kutembea. Joto lake likanipanda mapajani kama maji ya kuoga, na miguu iliyokuwa mikavu kama kuni ikaachia, ikaning'inia kila mmoja upande wake. Kiuno kikaenda kushoto, kulia, kushoto. Nilikuwa natembea! Aliyetembea ni yeye, najua, lakini mwili wangu haukujua tofauti. Nikaiona mibuni kutoka juu, na msitu wa Ngorongoro umejifunika ukungu, na kwa mara ya kwanza nikauona utosi wa mama. Kumbe alikuwa na mvi.

Tukarudi Jumamosi nyingi. Siku moja, msimu wa kahawa ukielekea mwisho, Safari aliondoa mkono wake taratibu. Mama akasita, naye akaondoa wake. Nikabaki nimekaa.

Njiani kurudi, mama alinishusha kwenye majani kando ya barabara, akarudi nyuma, akanitazama. Niliyumba, nikakaa. Akanibeba. Mbele kidogo akanishusha tena, kisha tena.

“Mama, umechoka?” nikalalamika. “Giza litatukuta.”

Alijifuta uso kwa kanga.

Leo natembea kwa magongo, na nina mtoto. Siku alipokaa mwenyewe, nilijikuta namwinua na kumkalisha upya, mara kwa mara, hadi akalia. Ndipo nikaelewa kwamba jioni ile mama hakuwa amechoka hata kidogo. Jambo ambalo mama wengine huliona kabla mtoto hajaota meno, yeye alilingoja miaka, na kuliona mara moja tu hakukumtosha.