Nilibadilisha "ndoo" ikawa "ndoa", na Mwaju hajaimba tena

Wakuu, habari za muda huu. Shule niliishia form two, kwa hiyo nikikosea mahali mnivumilie. Ila hiki ni kitu kilichonitokea kweli, siongezi chumvi.

Nina kistudio Mbagala. Chumba kimoja, ukutani nimegongelea magodoro yapunguze kelele.

Akaja dada anaitwa Mwaju, muuza vitumbua wa mtaani kwetu. Sauti anayo, wakuu. Wimbo wake ulikuwa wa maji kukatika, lakini kauimba kama anamlalamikia mpenzi:

"Nimekungoja na ndoo yangu, umepita kwa jirani."

Tukarekodi. Mtaa ukaanza kuuimba hata sijamaliza mixing, maana dirisha langu halifungi vizuri.

Sasa kipindi hicho siasa zilikuwa zimechafuka. Kila mtu anapima maneno. Nikamwambia, "Mwaju, hii ndoo itatuletea ishu, watasema tunaisema serikali kwa maji."

Akacheka. "Ndoo ya kuogea, fundi? Atufunge nani?"

Nikasema tuiite "ndoa". Herufi moja tu.

Akasogelea tena mic. "Haya, mwenye mashine ni wewe."

Akaimba upya. Ile ya kwanza nikaifuta kabisa.

Niseme haki: hakuna aliyenipigia simu wala kunitisha. Woga ulikuwa wangu. Lakini pia sikuuokota hewani, nyie wenyewe mnajua hali ilivyokuwa.

"Ndoa" ikapendwa. Kitchen party, sendoff, mpaka huko Mbezi Luis wanaipiga. Kila nikimpongeza Mwaju, ananijibu, "Hongera na wewe."

Siku moja tuko harusini, yeye kashika mic anasubiri biti, mwenyekiti wetu wa mtaa akatusogelea.

"Binti, mie nilisikiaga unaimba ndoo. Ule ndio wa kwetu sasa. Uko wapi?"

Mwaju akaniangalia. Nikamuwahi: "Shikamoo mwenyekiti. Hapana, ni ndoa tangu mwanzo."

"Marahaba," akasema mzee, akarudi kukaa.

Mpaka leo sijui alikuwa ananipima au aliupenda tu. Nisimsingizie. Huenda aliupenda tu.

Mwaju akaweka mic juu ya spika, akatoka. Tangu hapo hajaimba popote.

Wiki iliyopita maji yalikatika tena, nikamkuta kwenye foleni ya kisima. Nikamwambia aje turekodi upya.

Akasogeza ndoo yake kwa mguu. "Kwa neno lipi, fundi?"

Foleni ikasogea, akasogea nayo.

Nilichojifunza, kama nimejifunza: woga wangu ningebaki nao mwenyewe, nisimwimbishe mwenzangu. Ila sina hakika kama leo ningekuwa jasiri zaidi.

Wenye studio Temeke, Kinondoni na kwingine, nyie mngeiacha ile ndoo ibaki? Nisemeni mnavyotaka, ila jibuni kwa haki. Na kama kuna aliyeurekodi ule wimbo wa ndoo kwa simu pale dirishani kwangu, naomba anitafute.